Kisu cha Mawindo: Anza na Mpini

Juzi msomaji mmoja kijana alinitumia picha za visu viwili akitaka nimchagulie. Kimoja ni kirefu, mgongo wake una meno ya msumeno, na mpini wake una uwazi ndani wa kuwekea kiberiti na ndoana. Cha pili ni kifupi, hakina pambo lolote. Maneno yake yalionyesha wazi kwamba moyo umeshaangukia kile kirefu. Nilimjibu palepale: chukua kifupi.

Nina sababu ya kuwa mkali. Nilipoanza kuongozana na wawindaji wazoefu, kisu changu kilikuwa na kengee, yaani bapa lenye makali, fupi kuliko kiganja. Mkubwa wa msafara alikitazama akasema, "Hicho ni cha kumenyea viazi." Wote wakacheka. Miaka imepita na bado nayakumbuka yale maneno. Yeye alining'iniza kiunoni kisu kinachokaribia upanga.

Jioni ile tulipata mnyama, na jua lilikuwa linazama. Kupasua tumbo kuna namna yake: makali yanaelekea juu, vidole viwili vinatangulia kuikinga ncha isitoboe utumbo. Kwa kisu kirefu huwezi, kwa sababu ncha iko mbali mno na vidole. Alitoboa. Harufu ikatupata, na nyama ya upande ule ikaharibika. Alipofika kwenye kiungo cha paja akakikandamiza kisu na kukizungusha, kikakatika pale kengee inapoingia kwenye mpini. Aliutazama mpini mtupu mkononi, kisha akaninyooshea mkono bila neno. Nikampa changu. Kazi yote iliyobaki, kuchuna hadi kutenganisha viungo, ilifanywa na kile cha viazi. Nilijisikia fahari, na sioni haya kusema hivyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiingia dukani anza na mpini. Chuma kinatakiwa kiendelee kipande kimoja mpaka mwisho wa mpini. Kwenye visu vingi utauona mstari wake kati ya vipande viwili vya mbao. Mpini wenye uwazi ndani hauna nafasi ya mkia wa chuma, na hapo ndipo kisu hukatikia. Vidole vinne vikae vyote. Damu na mafuta huteleza kuliko maji, basi kataa mpini uliosuguliwa ukang'aa kama kioo.

Urefu wa kengee, sentimita 9 hadi 11 zinatosha kwa wanyama wengi, kwa unene wa milimita 3 au 4. Tafuta mgongo unaoshuka taratibu hadi kwenye ncha, umbo lililopata sifa kwa kazi ya mfua visu wa Marekani, Bob Loveless. Ncha ikiwa chini kidogo haikimbilii kutoboa. Meno ya msumeno mgongoni hayana kazi ila kuumiza kidole gumba unapokandamiza.

Kuhusu chuma watu hubishana usiku kucha. Chuma cha kaboni hunoleka upesi lakini hushika kutu ukikisahau na damu. Kile kinachoitwa kisichoshika kutu kina kromiamu, angalau asilimia 10.5, na bado hupata madoa kikiachwa na chumvi au unyevu. Ugumu wa 56 hadi 60 kwa kipimo cha Rockwell unatosha. Kigumu zaidi ya hapo hukaa na makali muda mrefu, ila kukinoa porini ni mateso, na makali humeguka yakigonga mfupa.

Visu vya kukunja? Buck 110, mojawapo ya visu hivyo, iliyotoka mwaka 1964, imewatumikia wawindaji wengi sana. Lakini damu, mafuta na manyoya huingia kwenye bawaba, na kuvitoa si kazi ya dakika moja. Kwa kisu cha kwanza, nunua kisichokunjwa.

Vijana, acheni kununua kisu cha kupigia picha! Nunua unachoweza kukinoa mwenyewe. Kinoo kizuri, kisu ukiinamishe kwa pembe ya nyuzi kama 20 kila upande, mkono usiyumbe. Butu ndicho hatari, maana unakisukuma kwa nguvu kisha kinakuponyoka.

Ukirudi nyumbani, osha, kausha, paka mafuta kidogo. Usikilaze ndani ya ala ya ngozi miezi mizima, kwa sababu ngozi hutunza unyevu na chuma huanza kuliwa taratibu. Ala itundike peke yake, kisu kiweke mahali pakavu.