Tembe la babu: anza na paa, saruji iache dukani

Mwaka nilipopata mkopo wa kwanza kazini, nililipiga tembe la babu, nyumba yake ya udongo, plasta ya saruji. Likapendeza kweli, wiki kama sita hivi. Mvua za Januari zilipokolea, kipande kikubwa kama mlango kikabanduka ukutani, puu! Nyuma yake udongo umelowa chapachapa, fito zimeliwa na mchwa na hakuna aliyejua.

Fundi mmoja mzee akaja, tukasalimiana "Mbukwa", akachokonoa ukuta kwa kidole. "Maji yanaingia juu, mjukuu wangu. Wewe umeyafungia mlango wa kutokea."

Basi kama umerithi tembe, panda juu kwanza. Tembe la Kigogo lina paa bapa: boriti, matawi, kisha udongo. Huku Dodoma mvua ni chache, kwa kawaida milimita 500 na kitu kwa mwaka, na hunyesha Desemba hadi Aprili tu. Ndiyo maana paa la udongo linadumu. Bukoba lingeyeyuka. Novemba ng'oa majani yote yaliyoota juu, maana mizizi ndiyo inayoyafungulia maji njia. Badilisha boriti zilizooza. Halafu, hapa wengi hukosea: usimwage udongo mpya juu ya ule wa zamani. Punguza kwanza, la sivyo uzito utavunja boriti. Sisi tulitumia udongo wa kichuguu, tukauloweka usiku kucha, tukaukanyaga kwa miguu.

Ukuta nao una subira yake. Saruji niliibandua kwa patasi siku nne, nikauacha ukauke, ndipo tukakandika upya kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Mwiko uweke pembeni. Kiganja ndicho kinachohisi palipo na shimo.

Kuna watakaokucheka. Tangu Operesheni Dodoma ya 1971, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, tembe limekuwa jina jingine la umaskini, na mengi yalibomoka hivyo hivyo. Shangazi yangu mwenyewe alisema namwaibisha, akataka bati. Nikamjengea chumba kimoja cha bati pembeni ya uwanja, karibu na zizi.

Ikifika Oktoba, jua likiwaka, anabeba mkeka wake anakuja kulala tembeni. Hasemi kitu, nami simuulizi.