Niliposhusha pumzi Malindi

Mwaka juzi nilimchukua mama kutoka Wete, Pemba, nikamleta kwangu Fuoni, Unguja. Goti lilimsumbua, na mimi nilishachoka kupigiwa simu na majirani: mama yako yuko juani saa saba, anageuza karafuu jamvini peke yake. Nikamtengenezea chumba, nikamwekea feni. Nikamwambia, "Mama, wewe sasa ni kula na kulala."

Hapo ndipo nilipoharibu.

Hakuteta, alinuna. Mara chai haina hiliki, mara wajukuu hawaamkii. (Nyumba ni ya mume wangu, na kukaa kwa mkwe nako kulimkera.) Siku moja akafungua pindo la kanga, akatoa shilingi 10,000 za pensheni jamii. "Kitoweo cha leo changu." Pensheni hiyo hupewa wazee wa Zanzibar wa miaka 70 na kuendelea; ilianza 2016 kwa 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Nikasema, "Weka tu mama, mimi ninazo." Akaifunga tena, kimya. Baada ya isha ndipo aliposema: "Serikali yanihesabu mtu, wewe wanihesabu mgonjwa."

Kwa hiyo, mzazi akikupa, pokea, hata kama ni fungu la mchicha. Na ukitaka kumfanyia jambo, muulize kwanza. Kaka yangu alimbadilishia mlango wa mbele bila kumwambia. Mwezi mzima mama alipitia uani.

La pili ni zito kulisema. Siku namsindikiza bandarini Malindi, hapa Unguja mjini, arudi Pemba, boti ilipong'oa nanga nilishusha pumzi. Nilifurahi kumuona anaondoka! Hadi nafika Darajani nikajiona mwana aliyekosa radhi. Siku kadhaa sikumpigia simu, kwa haya tu, na yeye akadhani nimekasirika. Usifanye hivyo. Ukimchoka mzazi, piga simu siku hiyo hiyo, zungumzeni hata bei ya dagaa.

Msimu wa karafuu uliofuata nilikwenda Wete. Usiku tumekaa ukumbini tunachambua karafuu, tunazitenga na makonyo, yaani vikonyo vyake, nikajikaza nikamwambia ukweli wa siku ile ya boti. Akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

"Na mimi nilipoiona gati ya Mkoani n'lisema alhamdulillahi."

Kisha akanisukumia pakacha jengine, akaniambia makonyo yangu bado nayachanganya.