Sukari Ikisamehewa Ushuru, Usingoje Bunge Lichunguze

Mwaka 2018 miwa yangu ilifikisha miezi 26 shambani. Ilikuwa tayari tangu mwezi wa 18. Ilitoa maua, ikaanza kulala, na ukivunja shina ulikuta ndani pamekauka. Kiwanda kilisema sukari yake imejaa ghalani, haina mnunuzi.

Chanzo kilikuwa kimechapishwa mwaka mmoja nyuma, nami sikukisoma. Mei 2017, kwa sababu ya ukame, serikali ilitangaza katika Gazeti Rasmi kwamba sukari iingie Kenya bila ushuru. Njaa ilikuwepo kweli, na sipingi mtu kupata sukari ya bei nafuu. Lakini muda uliongezwa, na kufikia Desemba zilikuwa zimeingia karibu tani 990,000, takriban mara tatu ya mwaka uliotangulia. Bunge lilikuja kuchunguza mwaka 2018, kisha Agosti wabunge wakaikataa ripoti ya kamati yao wenyewe. Jioni ile nilizima redio nikaenda kulala bila kula.

Kwa hiyo, wakulima wenzangu, tuwahi. Gazeti Rasmi hutoka Ijumaa. Ukiona tangazo la msamaha wa ushuru, tafuta kwanza kama limetaja kikomo cha tani zinazoruhusiwa kuingia, na nani ameruhusiwa kuagiza. Kifungu cha 210 cha Katiba kinataka kila msamaha wa kodi uwekwe kwenye kumbukumbu za umma pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aarifiwe. Iombeni kumbukumbu hiyo kwa barua. Kifungu cha 35 kinawapa haki. Na kama msamaha umekuja kwa njia ya kanuni, sheria ya mwaka 2013 kuhusu kanuni za mawaziri (Statutory Instruments Act) inampa waziri siku saba za vikao kuifikisha kwa Karani wa Bunge. Zikipita, kanuni hiyo inakufa.

Kisha andikeni ombi kwa Bunge, kwa kifungu cha 119 cha Katiba. Wengi wetu humvuta mbunge pembeni mazishini, na ahadi ya mazishini huishia pale pale. Ombi letu la kwanza lilikuwa kilio kitupu, halikujibiwa. La pili tuliliambatanisha na risiti za mizani ya kupimia miwa za misimu mitatu, pamoja na barua za kiwanda za kuahirisha kukata. Hapo ndipo tulipoanza kuulizwa maswali. Toeni nakala, risiti zenyewe zibaki nyumbani.