Mnataka kununua nyumba Malang? Someni hapa kabla ya kutuma pesa

Kaka, ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kwanza peke yangu, halafu nikamtafsiria shemeji yako, mke wangu Mwindonesia. Alicheka, kisha akaniambia nikujibu kwa maandishi ili baadaye usije kusema sikukwambia.

Umeuliza mawili. Je, maisha ya huku ni mazuri kama picha zinavyoonyesha? Na je, wewe na wenzako wawili mkichanga shilingi milioni sitini za Tanzania mkanitumia, naweza kununua nyumba ya kupangisha wanafunzi kwa jina la shemeji yako, faida tukagawana? La kwanza ni ndiyo, kwa sehemu kubwa. La pili ni hapana.

Malang iko Jawa Mashariki, Indonesia, kilomita kama 90 kusini mwa Surabaya. Ni mji wa mwinuko, zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na milima ya volkano: Arjuno, Kawi, na kule mbali Semeru wenye mita 3,676 ambao mpaka leo unatoa moshi. Ndiyo maana kuna ubaridi. Mwezi wa saba na wa nane usiku tunajifunika blanketi, na watu wa Surabaya hupanda huku wikiendi kukimbia joto lao. Chukua Morogoro chini ya Uluguru, ongeza watu, zidisha pikipiki mara kumi, utakuwa umekaribia.

Sisi tunakaa Lowokwaru, wilaya ya vyuo. Universitas Brawijaya iko humu, Universitas Negeri Malang iko humu, na chuo kikuu cha Kiislamu cha Maulana Malik Ibrahim pia. Mtaa mzima unakula kwa mgongo wa wanafunzi: mama ntilie, wanaofua nguo kwa kilo, wenye mashine za fotokopi. Wali na kuku wa kukaanga na pilipili yao ya sambal ni kama rupia elfu kumi na tano, yaani shilingi elfu mbili na kitu. Umeme tunanunua kwa tokeni kama LUKU. Misikiti haihesabiki, na mtu wa pwani ramadhani hatajiona mgeni.

Lakini urahisi huo ni urahisi wa mtu mwenye kipato. Mshahara wa kima cha chini wa jiji kwa mwaka 2025 ulikuwa rupia milioni 3.5 hivi, ambazo kwenu ni kama shilingi laki tano na nusu, na muuza duka wa mtaani kwetu anapata chini ya hapo. Mgeni mwenye kibali cha mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi. Mimi naruhusiwa kwa sababu ya ndoa, ila kuruhusiwa na kupata ni vitu viwili. Na bado nikipita sokoni watoto wananifuata wakiita “mister, mister”, kuna mama ataomba picha, mwingine atashika nywele bila kuuliza. Hawana ubaya. Lakini siku ukiwa umechoka, inachosha zaidi.

Utaratibu wa mtaa ungeupenda. Kuna kiongozi wa nyumba chache anaitwa Pak RT, kama balozi wetu wa nyumba kumi, na mpango wenyewe waliuacha Wajapani walipoikalia nchi hii kati ya 1942 na 1945. Mgeni akilala kwako, unaripoti ndani ya saa 24. Kila mwezi mchango wa taka na ulinzi, Jumapili moja moja kufagia mitaro, na akifa mtu hakuna wa kukaa ndani. Usipoonekana kwenye msiba watu watakumbuka, hata kama hawatasema. Wajava, wenyeji wa kisiwa hiki cha Jawa, hawasemi, na hilo lilinichukua muda kulielewa.

Sasa nyumba. Nyumba mnayoiota inaitwa kos: vyumba kumi, kumi na mbili, kila mwanafunzi na ufunguo wake, kodi kuanzia laki sita za rupia hadi milioni moja na zaidi kwa mwezi kama choo kiko ndani. Ni biashara ya kweli, na majirani zangu wamesomesha watoto kwa hiyo. Tatizo ni ardhi.

Sheria yao ya ardhi ya 1960 inasema umiliki kamili, hak milik, ni wa raia wa Indonesia tu. Mgeni anayeishi nchini anaweza kupewa haki ya kutumia: miaka 30, ikiongezwa 20, kisha ikifanywa upya 30. Mtasema miaka 80 inatosha. Inatosha, ila serikali imeweka bei ya chini ya nyumba anayoruhusiwa mgeni kununua, na kwa Jawa Mashariki ni rupia bilioni 5. Hizo ni shilingi karibu milioni mia nane. Nyumba za watu wa kawaida mtaani kwetu zinauzwa kwa mamia ya milioni za rupia, kwa hiyo zote ziko nje ya mlango huo. Kufungua kampuni ya wageni nako kunadai mpango wa uwekezaji unaozidi rupia bilioni 10, bila kuhesabu ardhi na majengo. Milioni sitini zenu ni kama rupia milioni 370.

Ndipo watu wanapokimbilia jina la mwenyeji. Madalali watakwambia ni kawaida: raia anaandikwa kwenye hati, pembeni mnasainiana mkataba wa mkopo na hati ya uwakilishi, mambo yanaisha. Kifungu cha 26 cha sheria hiyo hiyo kinasema mauzo ya kumpa mgeni ardhi kwa njia ya moja kwa moja au ya kuzunguka ni batili, ardhi inaangukia serikalini, na pesa iliyokwisha kulipwa haidaiwi tena. Soma tena hapo mwisho, kaka.

“Lakini huyo ni mkeo,” ulisema. Ndiyo, ni mke wangu. Ndoa ya raia na mgeni isiyo na mkataba wa kutenganisha mali inamweka hata yeye mashakani, maana nusu ya alichonunua inahesabika yangu, nami sina haki nayo. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa 2016 mkataba huo unaweza kuandikwa hata baada ya ndoa, na sisi tunao. Maana yake ni kwamba atakachonunua ni chake peke yake. Si changu, sembuse chako na wenzako. Akitangulia yeye mbele ya haki na mimi nikarithi, nina mwaka mmoja wa kuihamishia haki hiyo kwa raia, la sivyo inapotea. Shemeji yako namwamini. Ila sitampa mzigo wa kushika pesa za watu watatu ambao sheria ya nchi yake haiwatambui, halafu siku mkigombana aitwe mwizi na ukweni.

Na msiwaone Waindonesia wabaya. Kwetu Tanzania pia, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa.

Sisi wenyewe tumepanga. Huku kodi ya nyumba inalipwa kwa mwaka mzima mbele, wengine miaka miwili. Kwa hesabu yangu ni nafuu kuliko kununua, na mvua za Desemba zikijaza maji Barabara ya Soekarno-Hatta sina ukuta wangu wa kuuhofia.

Kama mnataka kuweka pesa, kile kiwanja cha Mkundi, Morogoro, mlichokiacha kwa sababu ya barabara kiangalieni upya. Kama mnataka kufaidika na Malang, mleteni mpwa wetu asome. Serikali ya Indonesia ina ufadhili uitwao KNB kwa nchi zinazoendelea, unaolipia ada na posho na kuanza na masomo ya lugha. Aandae pasipoti, vyeti vilivyotafsiriwa Kiingereza na barua mbili za walimu. Fomu nitamsaidia kujaza mwenyewe, apige simu jioni ya kwenu isizidi saa moja, maana hapo huku ni saa tano usiku na nyumba nzima imelala.