Mbegu za mwiritsa na onyo tulilolipuuza

Wiki iliyopita msomaji kutoka Nandi aliniandikia akiuliza kwa nini mbegu zake za mwiritsa, mti ambao wataalamu huuita Prunus africana, zimekataa kuota ilhali alizianika vizuri juani kabla ya kuzihifadhi. Ujumbe huo uliniuma, maana kosa hilo ndilo lililokikosesha kikundi chetu msimu mzima wa miche, kando ya msitu wa Kakamega.

Kukhu mmoja, yaani bibi kizee, wa kijijini kwetu, aliyeingia msituni kuokota kuni tangu usichana wake, alikuwa ametuonya kwamba mbegu ya mwiritsa haiwekwi. Huokotwa matunda yakishaiva na kupandwa ingali mbichi. Afisa aliyetufunza alimkatiza mbele ya watu, akasema kila mbegu hukaushwa. Kukhu alinyamaza, nami, niliyekuwa katibu, sikumtetea. Ukimya wangu wa siku ile unanisuta hadi leo. Tulijaza viriba, tukamwagilia asubuhi na jioni, wala hakikuchomoza kitu.

Baadaye mtafiti wa misitu alitueleza kwamba mbegu hizo, tofauti na za mahindi, hupoteza uhai upesi zikikauka. Naye alituongezea jambo ambalo hatukulijua: tusiokote chini ya mti mmoja ulio karibu na njia, bali chini ya miti mingi iliyoachana, ili miche isiwe ya mama mmoja na kudhoofika pamoja. Ni Kukhu aliyetuonyesha ilipo miti hiyo. Msimu huu kitalu chetu kimejaa, na ninajivunia.

Basi, ndugu zangu, ketini na wazee kabla ya kutafuta mbegu, kisha mpelekeeni mtaalamu waliyoyasema ayapime. Mwiritsa umo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1995 kwa sababu ya biashara ya gome lake, kwa hiyo kila msimu unaopotea ni hasara. Sheria ya misitu ya Kenya ya 2016 inaziruhusu jamii kusajili vyama na kutia saini mikataba na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Mnapoandaa mpango wa usimamizi wa msitu, maarifa ya wazee yaandikwe humo, yasiishie kupigiwa makofi kikaoni. Narudia, ketini na wazee kwanza.

Nawe wa Nandi, ziache hizo zilizokauka. Subiri matunda yaive hadi yawe na rangi ya zambarau iliyokoza, uondoe nyama yake, upande mara moja kivulini.