Admini, acha kuwatishia wanaouchuna

Kama upo kwenye magrupu ya WhatsApp matatu manne lazima ushakutana na ule ujumbe wa usiku wa admini aliyechoka: "Humu kuna watu tangu waingie wapo kimya wanasoma tu, kesho nafanya usafi, asiyechangia natoa." Hapo sasa utaona zinavyomiminika, nipo admini, tupo pamoja mkuu, tunajifunza, mikono ya kusali mingi mingi, afu baada ya dakika kumi kimya kinarudi na wanaoongea ni walewale wa siku zote. Sijawahi kuona grupu lililochangamka kwa vitisho, labda lipo, mi sijaliona.

Mimi naendesha grupu la watu wanaopenda zabibu za nyumbani hapa Dodoma. Wapo wachache wa Mpunguzi na Hombolo wenye maekari yao ila wengi ni watu wa mche mmoja miwili uani, wa Nkuhungu, Kisasa, Ilazo, Nzuguni huko, mtu kasimamisha nguzo na waya kapata kivuli cha kupaki gari na zabibu za watoto kula wakitoka shule. Ni starehe tu, hamna anayetajirika. Na kwenye starehe ndo kimya kinauma zaidi maana huwezi kumlazimisha mtu, hamna mchango wa harusi hapa wala kikao cha ukoo.

Tutoane wasiwasi kwanza. Kuna mtaalamu mmoja wa mambo ya matumizi ya tovuti anaitwa Jakob Nielsen, mwaka 2006 aliandika kwamba kwenye jumuiya nyingi za mtandaoni watu 90 kati ya 100 wanasoma tu, 9 wanachangia mara moja moja, na mmoja ndo anafanya sehemu kubwa ya kazi. Kwahiyo grupu lako la watu 300 ukiona wanaobeba mazungumzo ni watatu usidhani una mkosi, ndo dunia ilivyo. Sema mi naamini grupu la WhatsApp la mji mmoja linaweza kufanya vizuri kuliko hapo, kwa sababu watu wanakutana sokoni, wananunua miche sehemu zilezile, mvua yao ni moja (au sio moja, nitakuja huko).

Sasa kwanini mtu anauchuna? Bando ni sababu ila ni ndogo kuliko watu wanavyosema, kuandika neno moja halimalizi bando, kinachokula ni video za asubuhi njema. Wengine wanaogopa majukumu, na siwalaumu, maana kwetu ukionekana mchangamfu tu wiki mbili ushafanywa mweka hazina. Lakini sababu kubwa ni aibu, na aibu ya hapa Dodoma ina sura yake. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, mji umejaa watumishi, kwahiyo kwenye grupu moja una mtu mwenye Dr. mbele ya jina lake anashuka aya nne kuhusu virutubisho, na una mama wa Mpunguzi amepogoa mizabibu tangu hajaolewa ila shule aliishia la saba na akiandika anachanganya r na l. Unadhani nani atakausha? Na siku akijaribu akatokea kijana mmoja akamwekea emoji ya kucheka kwa sababu kaandika "marashi" badala ya "malashi" au sijui kinyume chake (hata mi mwenyewe hapo nimesita), huyo mama umempoteza, atasoma mpaka uzeeni lakini hutaona neno lake tena.

Ongeza na heshima. Mzee akishasema kwamba mbolea ya samadi iwekwe hivi, vijana wote ni "ahsante mzee, shikamoo", hata yule anayejua kwamba samadi mbichi imemuunguzia mche wake mwezi uliopita anakaa nayo moyoni. Sio mwoga huyo, ni malezi mazuri tu, ila grupu linakosa taarifa.

Ukishaelewa hivyo unaona kwamba kumwambia mtu "ongea" ni kumwongezea mzigo, unamtaka atoe maoni mbele ya watu 300 wakati maoni ndo kitu anachokionea aibu. Mi ninachofanya ni kuuliza kitu ambacho jibu lake analo tayari mkononi, uani kwake, na hamna mtu mwingine anaweza kumwambia amekosea.

Swali lililofanya kazi kuliko yote ni la mvua. Hapa mvua zetu ni za kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka wa kawaida, na zinanyesha kwa upendeleo, unaweza kuloa Nzuguni ukafika Kizota vumbi linatimka. Basi msimu wa mvua asubuhi naandika tu: "Mbukwenyi wapendwa, jana kwako imenyesha? Andika jina la mtaa na ndio au hapana, basi." Mtu haandiki sentensi, hatafuti msamiati, anaandika "Veyula ndio" anaendelea na chai yake. Na sio swali la kupoteza muda, maana kwenye zabibu mvua ndo kila kitu, ikinyesha usiku inaosha dawa uliyopiga jana na unyevu ukikaa kwenye majani fangasi anapata sherehe, kwahiyo lile orodha la mitaa linamsaidia kila mtu kujua jirani zake wamelowa au la. Watu ambao sikuwahi kuona herufi yao wakaanza kutokea hapo. Na mtu akishaandika "Veyula ndio" siku kadhaa, siku moja ataandika "Veyula ndio ila mawe mawe yamepiga vichane", na hapo hukumwomba.

La pili ni picha. Nasema leo kila mtu apige picha ya jani la chini kabisa la mzabibu wake atume bila maelezo yoyote, na nasisitiza bila maelezo, maana watu wengi wana simu nzuri ila hawapendi kuandika. Zikishakuja picha ishirini za majani unaona vitu ambavyo mtaalamu peke yake asingeviona, huyu jani lina madoa, huyu limeliwa, huyu limekauka pembeni na ukimuuliza anamwagilia maji gani unakuta ni kisima cha chumvi.

Lakini yote haya yanaharibika kwenye jibu la kwanza. Hapa naomba tukae kidogo maana ndo naona maadmini wengi wanapita haraka. Mtu aliyekaa kimya miezi kadhaa akiposti mara ya kwanza anakuwa kaishika simu anasubiri, anaangalia tiki za bluu, na kila dakika inayopita bila jibu anajuta. Wakipita watu wakaposti tangazo la kiwanja juu ya swali lake ndo kwaheri. Kwahiyo mtu mpya akitokea naacha kila kitu namjibu, namjibu kwa jina, na namrudishia swali jepesi ili apate sababu ya kuandika mara ya pili. Tuseme katuma picha ya jani ina ukungu ukungu, haionekani vizuri, mkono ulitikisika. Kuna anayejibu "picha mbovu, tuma nyingine", na kuna anayejibu "pole mama, huo unga unga mweupe upo juu ya jani au chini?" Jibu la pili lina adabu na pia lina akili, maana kuna magonjwa mawili ya mzabibu hapo, ubwiri unga mara nyingi unauona juu ya jani kama mtu kamwagia unga wa muhogo, wakati ubwiri vinyoya unakaa chini ya jani na juu unaacha madoa ya njano kama ya mafuta, na dawa zake hazifanani. Yule mama anaenda uani, anageuza jani, anarudi na jibu ambalo yeye peke yake analo. Hapo mtaalamu ni yeye.

Usimtagi mtu hadharani. "Dada fulani mbona hatukusikii?" inaonekana upendo ila ni kumsimamisha mtu darasani. Nenda inboksi. Na inboksi ndo hazina yenyewe, wale wa kimya wanauliza sana inboksi, wananiandikia "samahani admini naona aibu kuuliza kule." Namjibu, afu namwomba ruhusa: "Swali lako zuri sana, naomba niliweke kwenye grupu bila jina lako." Wengi wanakubali. Nikiliweka wanatokea wengine wawili watatu wanasema hata mi nilitaka kuuliza hilo, na mwenye swali anasoma yote hayo kajificha palepale, anagundua kumbe hakuwa mjinga. Kuna kijana aliniambia inboksi kwamba alipiga salfa, ile dawa ya ubwiri unga, saa saba mchana jua linawaka na majani yakaungua, nikamwambia hiyo watu wengi hawaijui, salfa na joto kali haviendani, inapigwa asubuhi mapema au jioni, tafadhali iseme mwenyewe. Alisita siku mbili tatu akaisema kwa voisi ya sekunde chache. Ikawa ndo mada ya wiki nzima.

Upande wa pili wa kazi ni kuwapunguza wasemaji, na hii inahitaji ulimi. Tuna mzee mmoja mstaafu, anajua kweli, sema anajibu kila swali ndani ya dakika moja na akishajibu hamna anayethubutu kuongeza. Nilimpigia simu, sikumwandikia, mambo mengine na wakubwa hayaandikwi. "Shikamoo mzee wangu. Naomba unisaidie jambo, maswali ya asubuhi tuwaachie vijana mpaka jioni, afu wewe jioni uje uwasahihishe." Akacheka, akasema "kumbe nawaziba eeh, haya mwanangu." Tangu hapo jioni yake inasubiriwa kama taarifa ya habari, na mchana vijana wanabishana kwa raha zao. Yule wa kucheka herufi za watu yeye nilimwambia mara moja tu, inboksi, kwa ukavu.

Kura za WhatsApp, zile zilizokuja 2022, zinasaidia ila kumbuka jina la kila aliyepiga linaonekana, kwahiyo usiulize vitu kama nani mche wake umekufa. Uliza unapogoa mwezi gani. Na dole gumba lihesabu kama neno, mtu akiweka dole kwenye ushauri wako kashaongea, wengine hapo ndo mwisho wao na inatosha.

Wageni wakiingia msiwahoji kama polisi, jina kamili, kazi, unaishi wapi, nani kakuleta. Sisi tunauliza kitu kimoja tu: una mche tayari au bado unatafuta? Akisema anatafuta kuna mwenye vipandikizi atamjibu, maana baada ya kupogoa kila mtu ana vijiti vya kutupa, na ukimpa mtu kijiti cha bure ushapata rafiki wa kuuliza kimechipua au bado.

Afu kuna ambao hawataongea kamwe na waachwe. Nanenane moja pale viwanja vya Nzuguni alinijia baba mmoja, akajitambulisha kwamba yupo kwenye grupu tangu mwanzo, akafungua simu akanionesha mzabibu wake. Wallahi ulikuwa umepogolewa safi kuliko wa kwangu, kila tulichobishana humo yeye alikuwa anakipeleka uani kimya kimya. Ningefanya usafi ningemfagia huyo. Tulipiga stori mpaka jua likachwea, na nikajifunza kwake jinsi ya kuwazuia mchwa kwenye nguzo, akaniruhusu niipeleke kule kwa niaba yake. Hajaandika mpaka leo, na mi simwombi.

Najua kuna watakaosema hilo la mvua ni la wakulima, sisi grupu letu ni la mambo mengine. Angalia tu mtu wako ana nini karibu naye. Wa kupiga picha kwa simu, waambie watume kitu cha kwanza wanachokiona dirishani saa kumi na mbili asubuhi bila kukipamba. Wa ndege, uliza asubuhi hii ndege gani kakuamsha, na asiyejua jina atume sauti yake, kunguru anahesabika. Wa mbio za asubuhi, waulize leo umekutana na mbwa wangapi njiani. Wa cherehani ndo rahisi kuliko wote, waambie watume picha ya kitambaa walichonunua kwa mapenzi kikaishia kabatini hakijashonwa, ila hapo bando lako liwe limejaa na simu uiweke chaji kabisa, maana hawatalala.