Halua, papa mkavu na dubu

SWALI: Assalamu alaykum Bibi. Mwanangu anasoma Marekani. Yeye na wenziwe wanakwenda kulala mahemani Yosemite, hifadhi ya taifa kwenye dubu, na kaniomba halua na papa mkavu. Wakifungia chakula ndani ya gari, si kinatosha? (Mama wa Wete)

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Gari? Hata! Dubu mweusi wa Yosemite akinusa chakula huvunja kioo na kuupinda mlango. Sheria ya pale inakataza kuacha chakula garini usiku. Kambini pana makabati ya chuma, na kila chenye harufu huingia humo: dawa ya meno, sabuni, mafuta ya nywele, hata takataka.

Mimi nilipokwenda nilijisifu nimeweka vyote, kumbe kashata imebaki mfukoni mwa koti. Saa nane usiku nikatoka hemani na tochi kuipeleka kabatini, nasoma Ayatul Kursi njia nzima.

Wakipanda milimani, ambako hakuna makabati, wachukue pipa gumu la kuzuia dubu na waliweke chini, mbali na hema. Kutundika chakula mtini kwa kamba hakuruhusiwi pale. Dubu wameshajua habari za kamba hizo.

Halua mtumie, ikae kabatini na kikapu chake. Papa mkavu, hapana. Huyo ananukia kutoka Mkoani mpaka Chake, Pemba! Amle chumbani kwake akirudi, madirisha wazi, kama wenziwe watamvumilia.